Biashara za kijamii zipimwe kwa kinachobaki mfukoni mwa mkulima

KATIKA miaka ya karibuni vijijini kumeingia aina ya kampuni ambazo si asasi za misaada na wala si biashara za kawaida. Zinauza mbegu, mbolea, pampu za umwagiliaji, taa za umeme wa jua au huduma ya kumtafutia mkulima soko. Zinatoza bei kama muuzaji mwingine yeyote, lakini husema kwamba lengo lao si kumtajirisha mwenye hisa bali kumwondoa mnunuzi katika umaskini. Kitaalamu huitwa biashara za kijamii. Nyingi huendeshwa kwa fedha za mchanganyiko: sehemu inatokana na mauzo, sehemu ni mikopo ya riba nafuu na sehemu ni ruzuku ya wafadhili wa nje.

Kwa kuwa kampuni hizo haziwezi kupimwa kwa faida peke yake, hupimwa kwa kile kinachoitwa matokeo kwa jamii. Hapo ndipo penye tatizo. Taarifa zao za mwaka kwa kawaida hufunguliwa kwa idadi: wakulima waliofikiwa, vikundi vilivyoundwa, semina zilizofanyika, tani za mbolea zilizosambazwa. Idadi hizo mara nyingi ni za kweli. Zinaeleza kampuni imefanya kazi kiasi gani, lakini hazielezi mkulima amepata nini.

Neno "kufikiwa" lenyewe linahitaji kuangaliwa. Mkulima aliyekaa chini ya mwembe kwa nusu siku, akasaini karatasi ya mahudhurio na kunywa soda, amefikiwa. Aliyechukua pembejeo kwa mkopo misimu mitatu mfululizo na kuurejesha wote, naye amefikiwa. Katika jedwali la mfadhili watu hao wawili ni sawa, kila mmoja ni namba moja.

Hatua ya mbele kidogo ni kupima mavuno. Taarifa itasema mavuno ya wanachama yamepanda kwa asilimia fulani, na mara nyingi msomaji huridhika kwa sababu asilimia hiyo huwa kubwa. Lakini mkulima hali asilimia. Chukulia mfano wa mtu mwenye ekari moja ya mahindi aliyekuwa akivuna magunia 8. Amejiunga na mpango wa pembejeo, msimu wa kwanza akavuna magunia 14. Taarifa itaandika ongezeko la asilimia 75, na haitakuwa imedanganya.

Sasa hesabu ipigwe kwa shilingi. Magunia 6 ya ziada, kila moja likiuzwa Sh60,000, ni Sh360,000. Mkopo wa pembejeo pamoja na riba, zaidi ya alichokuwa akitumia zamani, ni Sh180,000. Vibarua wa kuweka mbolea ya kukuzia na palizi ya pili wamechukua Sh50,000. Magunia matupu, kupukuchua na usafiri hadi sokoni ni Sh5,000 kwa kila gunia, yaani Sh30,000. Kilichobaki ni Sh100,000. Si haba, ingawa ni mbali sana na picha anayoipata mtu anaposoma "asilimia 75".

Hesabu haijaisha. Jirani yake wa shamba la pili, ambaye hakujiunga na mpango wowote, naye mwaka uliotangulia alivuna 8 na mwaka huo huo akavuna 10, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri. Maana yake ni kwamba magunia 2 kati ya yale 6 yaliletwa na mvua, si na kampuni. Yanabaki 4, ambayo ni Sh240,000. Ukitoa mkopo Sh180,000, vibarua Sh50,000 na gharama za magunia 4 Sh20,000, mkulima amepata hasara ya Sh10,000 kwa kujiunga na mpango ambao taarifa inausifu. Namba hizi ni za mfano tu, lakini kila mwenye shamba anajua kwamba haziko mbali na hali halisi.

Kwamba gunia na faida ni vitu viwili tofauti si jambo la kubuni. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliendesha majaribio ya mbolea katika mashamba ya wakulima wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kifurushi kamili kilichokuwa kikipendekezwa na Wizara ya Kilimo, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kilitoa mavuno mengi kuliko njia nyingine zote. Lakini kwa mkulima wa kawaida hakikumlipa. Kilichomlipa ni nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina, ambacho kilirudisha wastani wa asilimia 36 katika msimu mmoja baada ya kutoa gharama yake. Kampuni ambayo ingepimwa kwa magunia ingesukuma kifurushi kamili na kushangiliwa. Ile ambayo ingepimwa kwa fedha iliyobaki ingeuza kijiko.

Wapo wanaojitahidi kupima vizuri zaidi, na inafaa watajwe. One Acre Fund, iliyoanza Bungoma nchini Kenya mwaka 2006 na baadaye kuingia Rwanda, ambako inajulikana kwa jina la Tubura, pamoja na Tanzania na nchi nyingine, hupima kwa mizani. Watu wake huchagua vipande vya shamba la mwanachama, huvuna, hukausha na kupima uzito, kisha hufanya hivyo hivyo katika shamba la mkulima asiye mwanachama. Huyo wa pili ndiye jirani wa kwenye mfano. Bila yeye hakuna kipimo, kuna sifa tu.

Lakini jirani naye huchaguliwa. Mkulima anayejiunga na mpango wa mikopo mara nyingi ni yule ambaye tayari ana bidii, ana nguvu kazi nyumbani au ana ardhi bora kidogo. Ukimlinganisha na mgonjwa au na mjane mwenye watoto wadogo, tofauti itaonekana hata kama kampuni isingekuwepo. Ndiyo maana njia yenye heshima zaidi kwa wachumi ni kura: vikundi vinavyotaka kujiunga vinaandikwa, kisha kura inaamua vipi vianze mwaka huu na vipi vingoje. One Acre Fund ilikubali kupimwa na watafiti kwa njia hiyo huko Teso, Kenya. Mavuno ya mahindi yalipanda kwa takriban robo. Faida nayo ilipanda, lakini kwa kiwango kidogo kuliko mavuno. Haya ni matokeo mazuri, na uzuri wake ni kwamba yanaaminika.

Wengine wametumia njia ya gharama ndogo. KickStart, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon kwa jina la ApproTEC, inauza pampu za kumwagilia zinazoendeshwa kwa nguvu za mtu. Mnunuzi wa pampu hujaza fomu ya dhamana. Kutoka katika fomu hizo kampuni huchagua baadhi ya wanunuzi bila upendeleo, huwatembelea mara tu baada ya kununua, kabla pampu haijaleta mabadiliko, na kuwarudia baada ya miezi 18 kuuliza ekari zilizomwagiliwa, mazao yaliyouzwa na fedha iliyopatikana. Aliyeiweka pampu stoo naye huhesabiwa. Kasoro inabaki ile ile ya jirani: anayenunua pampu tayari ana fedha ya kununulia na ana mto au kisima karibu. Hata hivyo, ni bora mara mia kuliko kuhesabu pampu zilizotoka ghalani.

Suala gumu kuliko yote, na ambalo linazungumzwa kidogo, ni la muda. Kipimo kifanyike lini? Kisa cha Kirinyaga kinafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu kila mkulima wa mbogamboga, vanila, pilipili au mibono atajiona humo.

Mwaka 2004 mradi ulioitwa DrumNet, uliokuwa chini ya asasi ya Pride Africa, ulianza kazi na vikundi vya wakulima wadogo katika eneo hilo la miteremko ya Mlima Kenya. Wazo lilikuwa zuri. Wakulima wangelima maharage machanga, ambayo Kenya huitwa mishiri, pamoja na mahindi machanga, kwa ajili ya masoko ya Ulaya. DrumNet ingewaunganisha na kampuni ya kusafirisha mazao nje, ingewapa mafunzo, na kwa baadhi yao ingetoa pembejeo kwa mkopo kupitia maduka ya pembejeo ya hapo hapo. Mazao yangepimwa katika kituo, msafirishaji angelipa kupitia DrumNet, mkopo ungekatwa na kinachobaki kingeingia katika akaunti ya mkulima benki.

Watafiti Nava Ashraf, Xavier Giné na Dean Karlan walipewa nafasi ya kuupima mradi tangu mwanzo. Vikundi 36 viligawanywa kwa kura katika makundi matatu: vilivyopata huduma zote, vilivyopata huduma zote isipokuwa mkopo, na vilivyongoja. Baada ya mwaka mmoja walirudi. Wakulima ambao hawakuwahi kulima mazao ya kusafirisha nje walikuwa wameongeza kipato chao kwa asilimia 32. Waliokuwa tayari wakiyalima hawakupata nyongeza ya maana. Mkopo ulivuta watu wengi zaidi kujiunga, ila waliokopeshwa hawakupata kipato kikubwa kuliko wenzao ambao hawakukopeshwa.

Kwa kipimo chochote kile, huo ulikuwa mradi uliofaulu. Kulikuwa na kura, kulikuwa na jirani wa kulinganisha naye, na kilichopimwa ni kipato, si semina. Kama taarifa ingefungwa siku ile, DrumNet ingekuwa mfano wa kuigwa hadi leo.

Mwaka mmoja baada ya utafiti kumalizika, msafirishaji aliacha kununua. Maduka makubwa ya Ulaya yalikuwa na masharti yao yaliyoitwa EurepGAP, ambayo tangu mwaka 2007 yanaitwa GLOBALG.A.P. Yanadai ghala la viuatilifu lililofungwa vizuri, kumbukumbu za kila dawa iliyopuliziwa na tarehe yake, vyoo, sehemu safi ya kuchambulia mazao na cheti cha kuthibitisha yote hayo. Hakuna kikundi hata kimoja kilichokuwa na cheti. Mishiri haisubiri, ikichelewa siku chache inakomaa na kuwa nyuzi. Wakulima walilazimika kuwauzia walanguzi kwa bei ya hasara, na mengine yakaachwa shambani. Mikopo haikulipwa, DrumNet ikapata hasara, na mpango ukavunjika. Wakulima walirudi kwenye mazao waliyokuwa wakiyalima kabla ya mradi.

Watafiti hao, kwa uungwana, waliyaandika hayo yote katika ripoti yao iliyochapishwa mwaka 2009, hata kwenye kichwa chake wakataja kwamba kuna hitimisho la kusikitisha. Wengi wasingefanya hivyo.

Somo la kiuchumi hapa ni kwamba kipato kilichopanda kwa asilimia 32 hakikuwa mali ya mkulima. Kilikuwa kimekaa juu ya mnunuzi mmoja na sharti moja ambalo mkulima hakulijua, na pengine hata aliyemshawishi hakulipa uzito. Kipimo kamili kingeuliza tangu mwaka wa kwanza: wanunuzi ni wangapi? Huyu aliyepo akiondoka kesho, zao hili linaliwa nyumbani au linauzika gulioni? Nani anabeba mkopo soko likifungwa? Maswali hayo hayahitaji kompyuta. Kina mama wanaouza nyanya pembeni mwa barabara kuu huyauliza kila siku kabla ya kununua tenga moja.

Wapo wanaosema upimaji wote huu ni usumbufu, kwa kuwa soko lenyewe ni kipimo. Mkulima si mjinga, akilipa fedha yake maana yake bidhaa inamfaa, na akirudi msimu wa pili ndiyo ushahidi tosha. Hoja hiyo ina ukweli wake, na kurudi kwa mteja ni dalili isiyopaswa kudharauliwa. Lakini mauzo yanamhesabu aliyelipa tu. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walionyesha katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010 kwamba katika kliniki za wajawazito nchini Kenya, bei ya chandarua chenye dawa ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za Dola ya Marekani, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Senti hizo hazikuzidi shilingi 40 za Kenya. Muuzaji wa vyandarua anayehesabu risiti angeona wateja walioridhika, asingewaona waliogeuka mlangoni. Aidha, mteja wa pembejeo za mkopo anaweza kurudi msimu wa pili si kwa kuridhika, bali kwa sababu akiba yake ya mbegu ilikwisha na deni bado lipo.

Hilo linaleta kundi jingine lisiloonekana katika taarifa: walioondoka. Mkusanya takwimu hupewa orodha ya wanachama na kwenda kuwahoji. Aliyeshindwa kulipa mkopo, akauza mbuzi ili wenzake wa kikundi wasibebe deni lake, kisha akajitoa, hayumo kwenye orodha. Kadiri wanaoshindwa wanavyoondoka, ndivyo wastani wa waliobaki unavyopanda. Kampuni inaweza kuonekana ikiboreka mwaka hadi mwaka kwa sababu tu inawapoteza wateja wake maskini zaidi, wale wale iliowaombea ruzuku.

Ni kweli pia kwamba kupima kuna gharama. Utafiti wa kura hugharimu fedha nyingi, na kampuni changa yenye wateja mia tatu haiwezi wala haipaswi kuufanya. Kumtaka mtu anayeuza majiko banifu wilayani afanye kazi ya chuo kikuu ni kumfilisi. Lakini kati ya kura na kuhesabu soda za semina kuna mambo mengi ya bei nafuu. Kupiga simu kwa wateja hamsini waliochaguliwa bila upendeleo, wakiwemo walioacha, ni kazi ya siku chache. Kuwauliza wasio wateja katika kijiji kile kile walivuna kiasi gani hakuhitaji mtaalamu wa kigeni. Na kuandika gharama za mkulima, pamoja na vibarua na siku zake mwenyewe za kazi, kunahitaji safu moja zaidi kwenye fomu.

Kinachokera zaidi ni jinsi takwimu zinavyosafiri. Msimu ukiisha, vijana huja na simu za kisasa, humkalisha mkulima saa nzima wakimuuliza idadi ya kuku, mabati ya nyumba, milo ya siku na alichouza. Mkulima hujibu kwa adabu kwa sababu ni wageni. Majibu yake huenda makao makuu, kisha kwa mfadhili, huko huwa grafu nzuri yenye rangi. Hayarudi kijijini. Mtu aliyetoa takwimu ndiye pekee asiyejua zilisema nini, wakati ndiye anayetakiwa kuamua kama achukue mkopo mwingine.

Hali hiyo inaweza kubadilishwa na vyama vyenyewe bila kusubiri sheria mpya. AMCOS au SACCOS inayoalika kampuni kufanya kazi na wanachama wake ina nguvu ya kuweka masharti, kwani kampuni hizo zinawahitaji wateja kwa wingi na kwa pamoja. Sharti la kwanza liwe kwamba matokeo ya kila msimu yasomwe mbele ya mkutano wa wanachama kwa Kiswahili na kwa shilingi: wastani wa faida ya mwanachama baada ya gharama zote, ya asiye mwanachama, na idadi ya waliojitoa pamoja na sababu zao. Sharti jingine ni kwamba kama zao lina mnunuzi mmoja tu, mkataba useme hasara itagawanywaje akiacha kununua. Msafirishaji aliyeweka sahihi kwenye kipengele cha namna hiyo atakuwa na sababu ya kuwaeleza wakulima mapema kuhusu vyeti.

Chama nacho kiwe na kumbukumbu zake. Wanachama kumi waliochaguliwa kwa kura, na majirani kumi wasio wanachama walioridhia, wanaweza kuandika katika daftari la kawaida kila shilingi iliyoingia na kutoka shambani tangu kulima hadi kuuza. Vikundi vya VICOBA tayari vina makatibu wanaoandika hisa na mikopo kila wiki bila kukosea, kwa hiyo ujuzi upo. Daftari hilo halitakidhi viwango vya wasomi, kwa kuwa watu ishirini ni wachache na mvua ya mwaka mmoja inaweza kupotosha. Lakini baada ya misimu mitatu chama kitakuwa na kitu cha kuweka mezani pindi afisa wa kampuni atakapokuja na asilimia zake.

Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mvua za msimu huanza kwa kawaida mwezi Novemba, na orodha za wanaotaka pembejeo za mkopo hufungwa kabla ya hapo. Mkutano wa wanachama wa kupokea hesabu za msimu uliopita ungefaa kufanyika kabla orodha hizo hazijafungwa, mahindi yakiwa yameshauzwa na kila mtu akiwa bado anakumbuka alilipa vibarua kiasi gani.